Chumba Kimoja, Kodi ya Miezi Sita

Mwaka 2011 nilikuwa na kazi Dar es Salaam na sikuwa na pa kulala. Naanza na kazi kwa sababu watu wengi wakisikia mtu hana chumba mjini, hudhani hana kipato. Nilikuwa napanga mizigo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nalipwa kila mwisho wa mwezi, na chumba cha shilingi 30,000 Manzese ningekilipa nikabakiwa na hela ya kula na nauli. Nisichokuwa nacho ni shilingi 210,000 kwa mkupuo: kodi ya miezi sita 180,000, na 30,000 ya dalali. Basi nikalala kwa kaka yangu Tandale miezi minne. Kaka, shemeji, watoto wawili na mimi, chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia. Shemeji hakuwahi kunionyesha sura mbaya hata siku moja, lakini kila alfajiri alikuwa anasubiri nitoke ndipo avae, na mimi nilikuwa najikausha kama nimelala ili asione kwamba nimeamka nikiwa sina pa kwenda saa hizo.

Chumba chenyewe kilikuwa wazi muda wote huo. Nilikipita kila nikienda kupanda daladala. Mwenye nyumba anatafuta mpangaji, mpangaji anatafuta chumba, na katikati yao imekaa laki mbili.

Kilichonitoa ni mchezo. Pale kazini tulikuwa watu kumi na wawili, kila mmoja anatoa 20,000 mwisho wa mwezi, na anayefikiwa na zamu anabeba 240,000. Mimi nilikuwa namba tisa. Nikamfuata kijumbe wetu, dada wa mahesabu, nikamweleza habari ya pazia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaka, mwezi ujao unapokea wewe. Aliyepangwa nitaongea naye." Siku ile ile ya kupokea nikaenda kwa dalali, na usiku nikalala kwenye godoro langu, juu ya sakafu yangu, mlango nimeufunga kwa ufunguo wangu. Nimelala sehemu nzuri zaidi tangu hapo. Usingizi kama ule sijaupata tena.

Nyumba yenyewe ni ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili. Unaingia mlango wa mbele, unakuta korido, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, korido inakutoa uani. Uani kuna choo, bafu, banda la jiko na kamba za nguo. Mbele kuna baraza, na barazani kuna maisha yote ya mtaa. Mama mwenye nyumba alikaa chumba cha kwanza na wajukuu watatu. Vilivyobaki tulikaa sisi: fundi cherehani na mdogo wake, mama wa maandazi na binti yake, mlinzi wa usiku, kondakta na mkewe na mtoto, na mimi. Watu kumi na tatu, choo kimoja, mita moja ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Umeme ukiisha tunachanga, na asiyekuwa na mchango siku hiyo anadaiwa kwa daftari, hafungiwi nje.

Nimekaa nyumba hiyo miaka sita. Baadaye nimesoma na kusikiliza mengi kuhusu makazi ya watu wa kipato cha chini: semina, vipindi vya redio, hotuba za uzinduzi. Karibu yote huanza na swali la serikali au jiji lijenge nyumba ngapi na kwa bei gani. Kila nikiyasikia naikumbuka korido ile. Nyumba ya bei nafuu Dar es Salaam ipo tayari, imejengwa na akina mama kama yule, chumba baada ya chumba, na ndiyo iliyolibeba jiji hili kutoka watu 272,821 wa sensa ya 1967 hadi 5,383,728 wa sensa ya 2022. Hakuna mradi wowote wa umma uliokaribia hesabu hiyo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanasema watu saba kati ya kumi wa jiji, au zaidi, wanaishi kwenye mitaa ambayo haikupimwa. Tunaiita makazi holela. Neno holela silipendi. Mtaa wetu ulikuwa na mjumbe, ulikuwa na mipaka ambayo kila mtu aliijua, na mtu akitaka kujenga ukuta alikuwa anaita majirani waje washuhudie. Kilichokosekana ni barabara ya kupita gari la zimamoto, mtaro wa maji ya mvua, na ramani yenye muhuri.

Sasa nirudi kwenye ile miezi sita, maana hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo halikuwa kwenye semina hata moja.

Kwa muda mrefu niliamini mama mwenye nyumba ananikomoa. Mwaka wa pili, kodi ilipokaribia kuisha, nikamfuata barazani na shikamoo zangu zote, nikamwomba nilipe mwezi kwa mwezi. Hakukasirika. Aliingia ndani akatoka na daftari la mistari, kurasa zimekunjamana kwa mafuta ya taa. Akanionyesha. Kodi ya fundi cherehani ya mwaka fulani: mifuko ya simenti na trip mbili za mchanga. Kodi ya kondakta: bati na misumari ya upande wa nyuma. Kodi yangu ya kwanza, ile ya mchezo: kuchimba shimo jipya la choo, kwa sababu la zamani lilikuwa limejaa. "Mwanangu," akaniambia, "wewe unalipwa mwisho wa mwezi, mimi nani atanilipa? Ukinipa thelathini thelathini nitaila yote na hawa watoto. Ukinipa miezi sita, nyumba inasimama."

Nilirudi chumbani nikiwa nimenyamaza. Kodi ya mkupuo ndiyo benki ya wenye nyumba wadogo. Wapangaji, ambao ndio maskini kuliko wote kwenye hesabu hii, ndio wanaomkopesha mwenye nyumba fedha za ujenzi, bila riba na bila hati, na wanakopa kwenye michezo na kwa ndugu ili wapate cha kumkopesha. Hivi ndivyo mji mzima ulivyojengwa.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kulikuwa na Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa 1972 ikiwa na kazi ya kukopesha watu wajenge. Ilifungwa 1995. Hata ilipokuwa hai, mama wa Manzese asingeifikia kwa urahisi, lakini ilikuwapo, na wazo lilikuwapo kwamba kumkopesha mtu wa kawaida ajenge ni jukumu la nchi. Benki za leo zina mikopo ya nyumba, na wanaoipata ni wachache, wenye hati ya ardhi na hati ya mshahara. Kulikuwa pia na sheria ya kudhibiti kodi za pango, pamoja na mabaraza yake ya kusuluhisha wapangaji na wenye nyumba. Ilifutwa 2005. Tangu hapo ni mimi na mama mwenye nyumba tu, na dalali katikati.

Ndiyo maana kila linapoibuka pendekezo la kupiga marufuku kodi ya miezi sita, moyo wangu unagawanyika. Mimi ni mtu wa pazia la Tandale, siwezi kuitetea kodi ile. Lakini ukiipiga marufuku na kuishia hapo, umeifunga benki pekee aliyokuwa nayo yule mama, na vyumba vya mwakani havitajengwa. Choo kikijaa, kitabaki kimejaa. Lazima fedha ya mkupuo itoke mahali pengine, ndipo kodi iweze kulipwa kidogo kidogo.

Na mahali pengine papo. Kila halmashauri inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa kwa muda mwaka 2023, ikarudi. Inakopeshwa vikundi vya kufuga kuku, kushona, kutengeneza sabuni, bodaboda. Nimekaa nikijiuliza kwa nini kikundi cha akina mama watano wenye nyumba, mtaa mmoja, wanaotaka kuongeza chumba kimoja kimoja na choo cha kumwaga maji, kisihesabiwe kuwa kikundi cha biashara. Chumba kinaingiza fedha kila mwezi kwa miaka thelathini. Kuku anakufa kwa kideri wiki moja. Sharti liwe moja tu, liandikwe kwenye karatasi na kupigwa muhuri wa serikali ya mtaa: chumba kilichojengwa kwa mkopo huu kinapangishwa kwa kodi ya mwezi mmoja mmoja, kwa kipindi chote cha marejesho. Mwenyekiti wa mtaa anawajua wote. Hahitaji mfumo mkubwa wa kompyuta kujua nani amevunja ahadi.

Najua wapo watakaosema hayo ni mambo madogo, jiji linahitaji maghorofa. Sina ugomvi na maghorofa. Nilisimama Magomeni Kota mwaka 2022, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuyazindua yale majengo mwezi Machi, nikatazama juu nikafurahi kwa dhati. Pale palikuwa na nyumba za chini za tangu enzi za mkoloni. Wakazi waliondolewa, nyumba zikabomolewa, wakatawanyika mjini kwa miaka, wengi wakiamini wametapeliwa. Mwaka 2016 Rais Magufuli akasema watajengewa na watarudi. Na wakarudi: kaya 644, zikapewa nafasi kwenye nyumba 656 zilizojengwa na Wakala wa Majengo. Watu walewale, palepale, karibu na soko walilolizoea na shule za wajukuu wao. Katika historia ya bomoabomoa ya jiji hili, jambo hilo ni adimu mno na nalitaja kila ninapopata nafasi.

Lakini tazama hesabu. Kaya 644, nyumba 656. Baada ya miaka yote ile na mabilioni yale, awamu ile iliiongezea Magomeni nafasi kumi na mbili. Hili si kosa la mhandisi. Ndivyo inavyokuwa unapobomoa ili kujenga. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, lilipita njia hiyo hiyo kwenye miaka ya sitini: kubomoa vibanda, kujenga nyumba za tofali mahali pale pale. Gharama ikawa kubwa, nyumba zilizoongezeka zikawa chache, na mpango ukaachwa kabla muongo haujaisha. Wakati huo huo watu walikuwa wanateremka stesheni kila siku.

Ndipo ikaja miaka ya sabini, na mimi naamini hapo ndipo jiji lilipopata akili ambayo baadaye liliipoteza. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia yalifanyika mambo mawili kwa pamoja. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa viwanja, vikawekewa barabara na maji, mtu akapewa ajenge mwenyewe. Manzese hakukubomolewa. Zilipenyezwa barabara, mabomba ya maji na taa za barabarani kati ya nyumba zilizokuwapo, na watu wakabaki.

Mimi ni mtoto wa Manzese kwa kupanga, si kwa kuzaliwa, kwa hiyo labda napendelea. Ila nenda leo Sinza ukatafute chumba cha muuza maandazi. Viwanja vilivyotengwa kwa wenye kipato kidogo vilikuwa vizuri, vyenye hati, na masharti ya kujenga kwa vifaa vya kudumu. Mwenye shida akauza kwa mwenye uwezo, akaenda mbele zaidi, kwenye mashamba yasiyopimwa. Hakuibiwa. Aliuza kwa hiari, kwa sababu mtoto anaumwa au ada imefika. Manzese haikuwa na cha kumtamanisha tajiri kiasi hicho, ikabaki na vyumba vyake. Bahati mbaya ni kwamba mitaro na mabomba ya miaka ile havikutunzwa. Nilipohamia, mtaro wa mbele ya nyumba yetu ulikuwa umejaa mchanga na mifuko hadi juu, na mvua ya masika ilikuwa inaingia koridoni bila kubisha hodi.

Hili la mvua nalisema kwa uchungu. Masika yakishika, kuna wenye vyoo wanaofungua tundu pembeni ya shimo, uchafu unaondoka na maji ya mvua. Wenyewe wanaita kutapisha. Wanafanya hivyo kwa sababu gari la maji taka haliingii kwenye kichochoro, na hata likiingia bei yake ni zaidi ya kodi ya chumba. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilitukuta pale. Mama wa maandazi alisimama biashara wiki nzima, kodi yake ikayumba, na binti yake tulimsindikiza kituo cha afya usiku kwa bajaji huku tukiomba Mungu isiwe ndiyo. Haikuwa. Nikisikia mtu anasema kwamba nyumba ya bei nafuu ni kuta na bati, namkumbuka yule binti ameegemea bega la mama yake. Chumba cha 30,000 kando ya mtaro ulioziba gharama yake si 30,000.

Kwa hiyo jiji likiniuliza fedha zake za makazi zianzie wapi, nitasema zianze na mtaro, maji, barabara ya mtaa na choo, kwenye mitaa ambayo watu tayari wanaishi. Fedha hizo zinamfikia mpangaji na mwenye nyumba kwa mara moja, haziwezi kuuzwa na kuhamia kwa tajiri kama kiwanja, na kila shilingi inagusa nyumba yenye watu kumi na tatu. Nairobi walijaribu jambo linalofanana na hili kwenye mitaa ya mabanda ya Mukuru. Mwaka 2017 eneo lile la Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani lilitangazwa kuwa eneo la mpango maalumu, wakazi wakakaa mezani kuchora barabara na mabomba yao badala ya kuandikiwa notisi. Kenya baadaye imechukua pia njia ya kuwakata wafanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara kujenga nyumba za ghorofa, na mjadala wake ni mkali. Mimi katika hayo mawili ninatazama zaidi lile la kwanza.

Fedha zitatoka wapi? Swali hilo ni halali, na jibu lake moja limo ndani ya nyumba yetu ile. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikapanda kuwa 1,500. Kisheria ni kodi ya mwenye nyumba. Kwa hali halisi, kwenye nyumba ya Kiswahili anayenunua umeme ni mpangaji. Mlinzi wa usiku na mama wa maandazi wanalipa kodi ya jengo ambalo si lao. Sipingi kuilipa. Nataka tu ionekane ikirudi. Mtaa wenye mita mia tano za LUKU unatoa shilingi milioni 9 kwa mwaka. Mtaro hauchimbwi wote kwa fedha hiyo, lakini unazibuliwa kila kabla ya masika, na vijana wa mtaa wanapata kibarua.

Na ardhi? Hapa ndipo ninapopandwa na hasira, nisamehewe. Mwaka 2002 ulianza ule mradi mkubwa wa viwanja 20,000: Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma, Mwanagati, Buyuni na kwingineko. Kwa upimaji ulikuwa mradi wa kujivunia, jiji lilipata mitaa iliyonyooka. Lakini bei na muda wa kulipa havikuwa vya mtu wa mchezo wa 20,000, na viwanja vingi vilikaa miaka na miaka vikiwa majani matupu, vinasubiri bei ipande. Kati ya kiwanja na kiwanja ungekuta mbuzi, huku mjini watu wakikata vyumba kwa mapazia. Jiji linaloweza kupima viwanja elfu ishirini linaweza kupima pia vya ukubwa wa nyumba ya vyumba sita, likavitoa kwa malipo ya miaka kumi, kwa sharti la kuanza kujenga hata chumba kimoja ndani ya miaka miwili. Chumba kimoja kinatosha. Vikundi vya akiba vya watu waliovunjiwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari walionyesha njia: walichangishana wakanunua ekari 30 Chamazi, wakaanza na nyumba ndogo yenye chumba kimoja na choo, ya kuongezwa kadiri mtu anavyopata. Hivyo ndivyo mtu wa kipato kidogo anavyojenga popote alipo. Msingi mwaka huu, kuta mwakani, lenta, kupaua, halafu anahamia kabla ya plasta na madirisha ameziba kwa maturubai. Sheria ya ujenzi inayodai nyumba iliyokamilika inamwambia mtu huyo asijenge.

Chamazi ilikuwa mbali, hata hivyo. Na umbali ndio unaonirudisha kwangu mwenyewe.

Mwaka 2017 nilinunua kipande cha ardhi Chanika, pembezoni mwa jiji. Nilikuwa nimepanda cheo dukani, nimeoa, mke wangu naye alikuwa kwenye vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, tukaunganisha. Tulihamia 2019, plasta hakuna, dari hakuna. Nyumba ni yetu na namshukuru Mungu kila siku. Ila natoka saa kumi na robo alfajiri kwenda kazini na narudi watoto wamelala. Kuna wiki ambazo mwanangu wa pili ananiona Jumapili tu.

Baada ya kupata nafuu kidogo nikajenga vyumba viwili vya pembeni, vya kupangisha. Niliweka nadhiri kwamba kwangu kodi ni ya mwezi mmoja mmoja, na dalali simtaki. Nikaandika kwa mkono kwenye kipande cha boksi, nikakipigilia kwenye mwembe. Siku ya tatu akaja kijana anayebeba mizigo Kariakoo, ana begi moja. Akanisalimia, akauliza chumba ni shilingi ngapi, halafu akainama kidogo, kwa sauti ya mtu anayejua jibu tayari: "Na unachukua ya miezi mingapi, kaka?"

Nikamwambia mmoja. Akanitazama kama anayengoja niendelee. Nikarudia. Akatoa 40,000 mfukoni, noti zimekunjwa ndogo ndogo, akahamia jioni ile.

Alikuwa mpangaji mwema. Alilipa tarehe mbili ya kila mwezi, na mwezi alioumwa mguu alilipa nusu, nusu ikaja baada ya wiki mbili, wala hatukugombana. Lakini kazi yake inaanza usiku, magari ya mikoani yanapoingia sokoni, na saa hizo Chanika hakuna daladala. Akawa anawahi mapema jioni, anakaa Kariakoo bila kazi hadi usiku, anakula huko, anarudi asubuhi kwa magari mawili. Siku moja tulikaa chini ya mwembe tukapiga hesabu kwa kijiti kwenye mchanga. Nauli na chakula cha kungojea vilikuwa karibu mara mbili ya kodi yangu.

Alipofikisha miezi mitano kwangu alikuja kuniaga. Amepata sehemu Manzese, chumba kimoja, wanakaa watatu, wamechanga ya miezi sita. Nilimsaidia kubeba godoro hadi kituoni. Nilimwambia akikwama arudi, akacheka akasema sawa kaka, kisha gari likaja.

Chumba kiko wazi tangu Februari. Kile kipande cha boksi nimekirudisha kwenye mwembe.